Shangazi Bertha na Sufuria ya Mbwa

Shangazi yangu Bertha alitoka milimani Usambara baada ya kufiwa na mumewe. Akamfuata kaka yake, yaani baba yangu Eliudi, aliyekuwa mkata mkonge kwenye shamba moja la Wazungu, juu kidogo ya Pangani. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nyumbani kwa meneja alipewa kazi ya kufua na kupiga pasi, na angebaki na kazi hiyo kama si mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Bruno. Alikuwa mkubwa, mwekundu, ana masikio ya kulegea. Mwaka ule alianza kujikuna mchana kutwa mpaka manyoya yakamtoka, ngozi ikabaki mbichi kama jeraha. Akaitwa daktari wa wanyama kutoka Tanga. Kambini kwetu homa ilikuwa ikichukua watoto kila masika, wala sikumbuki daktari yeyote aliyeitwa kwa ajili yao.

Daktari akamwambia memsahibu, mke wa meneja, kwamba ugonjwa unaletwa na chakula. Mwili wa mbwa unakataa nyama ya ng'ombe, mayai na maziwa. Apikiwe peke yake: wali laini, samaki mweupe aliyetolewa miiba yote, na boga, bila chumvi wala mafuta.

Mpishi wa nyumba alikuwa Uweso, mtu wa Pangani mjini, mwenye swala zake. Alikataa kwa adabu. "Memsahibu, mimi na vyombo vya mbwa hatuwezani. Dini yangu hainiruhusu kushika vyombo alivyoramba kisha nikashika vyenu." Kwa hiyo kazi akapewa shangazi, bila kuulizwa kama anaitaka.

Akaifanya vizuri, maana hakujua kufanya kazi vibaya. Alichagua samaki aina ya changu aliyeletwa asubuhi kwa baiskeli, akamchemsha, akamchambua kwa vidole mwiba mmoja mmoja. Aliponda boga, akachanganya na wali, akapooza kwa kupepea. Bruno akala. Polepole akaacha kujikuna, manyoya yakaanza kuota. Alikuwa akimsikia shangazi anakuja, anapiga mkia sakafuni.

Siku moja shangazi aliomba vichwa vya samaki awaletee watoto wa kaka yake, yaani sisi. Posho yetu wakati ule ilikuwa unga wenye wadudu, ukichekecha unabaki nusu. Memsahibu akastaajabu.

"Vichwa vinatoa supu nzuri, Bertha. Supu ni ya Bruno."

Jioni ile shangazi alimsimulia baba. "Eliudi, mimi ninakaa namtolea mbwa miiba isimkwame, halafu wanao wanakula wadudu!" Baba akamwomba anyamaze, majirani wasisikie. Lakini nani asingesikia? Kambi nzima ilikuwa inajua mbwa anakula nini.

Halafu Bruno akaanza kujikuna tena, safari hii vibaya zaidi. Memsahibu hakuuliza. Alishuka jikoni uso umemwiva.

"Unaiba samaki wa mbwa! Unakula wewe, yeye unampa makombo ya nyama!"

"Sijaiba, memsahibu. Njoo uangalie sufuria."

Hakuangalia sufuria. Alimwita askari wa shamba, wakaenda kwenye chumba cha shangazi nyuma ya nyumba. Wakamwaga sanduku lake chini: kanga zake, kitabu chake cha nyimbo za kanisani, gauni lake la Jumapili. Askari akalikanyaga gauni kwa kiatu. Hawakukuta hata gamba la samaki. Meneja mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni, anatazama.

Uweso ndiye aliyesema. Alitoka jikoni na kitambaa bado begani.

"Memsahibu, huyu dada hana kosa. Mimi ndiye ninayeandaa meza. Ukishaondoka kwenda kulala, bwana hukata nyama ya ng'ombe kwenye sahani yake akampa mbwa chini ya meza. Namwona. Na yeye anajua kwamba namwona."

Watu wote wakamtazama meneja. Shangazi anasema aliona masikio yake yakigeuka mekundu. Alikuwa mtu wa kuamuru mamia ya watu, lakini kumwambia mkewe "ni mimi" kulimshinda.

"Mwongo," akasema. "Wote wawili, waondoke leo."

Basi wakaondoka, mwizi ambaye hakuiba na mwongo aliyesema kweli.

Uweso alikuwa na ndugu pale kivukoni Pangani. Yeye na shangazi wakaweka kibanda cha makuti karibu na mahali watu wanaposubiri pantoni ya kwenda Bweni, ng'ambo ya mto. Uweso alipika samaki wa kupaka, shangazi maharage na wali. Wateja hawakukosekana, lakini hasira ya shangazi haikupoa. Alikuwa akiosha sahani ghafla anasimama. "Angesema neno moja tu, Uweso! Moja!"

Jumapili moja gari la meneja likasimama kwenye foleni ya pantoni, likielekea Ushongo pwani. Memsahibu alikuwa peke yake na dereva. Bruno alilala kiti cha nyuma, amekonda, ubavu mzima hauna manyoya. Memsahibu akaja mpaka kibandani.

"Bertha, rudi. Huyu mpya hajui kumpikia. Yaliyopita tuyasahau."

"Nani atasahau, memsahibu?" shangazi akauliza. "Uliniita mwizi mbele ya askari. Niite mtu mwaminifu mbele ya hawa." Akawaonyesha wavuvi na wachuuzi waliokuwa wakila.

Memsahibu akatazama chini, akavuta glovu zake. "Mume wangu alikuwa amechoka siku zile," akasema kwa sauti ndogo.

Kumbe alijua ni mumewe! Shangazi alipolielewa hilo, akamjibu papo hapo.

"Basi mwambie aliyechoka apike yeye. Mimi sirudi."

Memsahibu akageuka. Mbwa alikuwa amemtambua shangazi, analia dirishani. Shangazi akachota wali mweupe juu ya jani la mgomba, akamchambulia kipande cha samaki ambaye Uweso alikuwa hajamtia viungo, akakipeleka garini mwenyewe. Bruno akala mpaka akaramba jani. Pantoni ikafika, gari likapanda.

Uweso alikasirika. "Dada Bertha, baada ya yote yale unawalishia mbwa wao?"

"Yeye hakunisingizia," shangazi akajibu, akaenda kunawa mikono, maana wateja walikuwa wanangoja.