Njiti za Shuaibu

Kwa miaka kumi na tisa Zuhura alimtazama mumewe akimaliza kula. Shuaibu, fundi mwashi wa Magomeni hapa Bagamoyo, akishajilamba vidole huchukua kiberiti cha jikoni, hutoa njiti, huchokonoa meno, huinusa, halafu huirudisha kiberitini. Kila mlo. Jioni Zuhura akitaka kuwasha jiko, vidole vyake hukuta njiti iliyolowa, naye huenda kunawa.

Alipomlalamikia mama yake, aliambiwa, "Mazoea tu hayo, mwanangu. Na wewe utazoea."

Wifi yake, Raya, alipokuja kutoka Mkange alicheka. "Hiyo ndiyo hulka yake, wifi. Tangu mdogo."

Shuaibu mwenyewe alisema ni kawaida yake, hajamdhuru mtu. Kila mmoja alikuwa na neno la kuifunikia ile njiti, hata Zuhura akawa anayachukia na hayo maneno.

Mwaka huu, Ijumaa moja baada ya swala, mzee Abdullatif alikuja kumposea mwanawe binti yao. Wanaume wakala wali wa nazi na nguru. Mzee akagusa jino la nyuma, akauliza kama kuna kijiti. Shuaibu akamsogezea kiberiti bila hata kufikiri.

Zuhura alikuwa akiondoa sinia. Akaiona njiti inayotoka: ncha imechanuka kama mswaki.

"Usiitie kinywani, baba! Imeshatumika hiyo!"

Mzee alikuwa ameshaitia. Akaitoa taratibu, akaitazama, akatoka uani kusukutua. Walimsikia akitema, akisukutua, akitema tena. Posa haikuvunjika, ila kahawa hakuigusa.

"Umeniaibisha mbele ya wakwe!" Shuaibu alifoka mgeni alipoondoka.

"Mazoea, hulka, kawaida," Zuhura alijibu. "Mimi naiita uchafu."

Shuaibu alinuna wiki nzima. Siku hizi kiberiti hakigusi. Huchomoa chelewa kwenye ufagio, akimaliza huitupa dirishani, ikaangukia beseni la nguo alizoloweka mkewe. Zuhura hagombi tena. Humwandalia chakula mkekani, kisha yeye na bintiye hula jikoni, mlango wameurudisha. Jirani akiuliza kama wamekosana, husema hapana, anataka tu kula ashibe.