Neno la Majidi na Taa za Benedikta

Benedikta hakuingia kwenye ufundi kwa kupenda. Aliingia kwa hasira.

Kaka yake, Revocatus, alikuwa bodaboda wa Urambo. Msimu mmoja wa masoko ya tumbaku alikuwa akirudi kutoka Usinge, saa kumi jioni. Gari lilikuwa limempita na vumbi likatanda, mbele hakuonekani. Lori lililokuja nyuma likamkanyaga. Dereva wa lori, Majidi, aliwaambia polisi neno moja tu: "Sikumwona." Pikipiki ilipokaguliwa, waya wa taa ya nyuma ulikutwa umekatika siku nyingi, una kutu. Kesi ikaishia hapo. Arobaini ya marehemu haijafika, Majidi alikuwa amesharudi kwenye usukani.

Lile neno lilimkaa Benedikta kooni. Alijiapiza kwamba Majidi atalisema tena, na siku hiyo hataaminiwa.

Akaenda Tabora mjini kwa mzee Mfaume, fundi umeme wa pikipiki, akamwamkia na kumweleza kuwa anataka kujifunza taa, taa tu. Mfaume alimfundisha mwaka mzima: kufuata waya hadi ulipokatika, kuziba maungio vumbi lisiingie, kufunga taa mahali ambapo mzigo hautaificha. Aliporudi Urambo alifungua kibanda kwenye njia panda ya Usinge, lori la Majidi lilikopita. Bodaboda waliondoka kwake na taa nyekundu zinazoonekana hata mchana, na stika za kung'aa ubavuni. Walimsifu kwa huruma yake. Yeye macho yake yalikuwa barabarani, yakilitafuta lori.

Msimu wa tatu, mchana, Majidi alitaka kumpita bodaboda mmoja, Dionis, akampiga ubavu na kumtupa mtaroni. Dionis alivunjika paja. Benedikta alipopata habari alifunga kibanda, akawahi kabla trafiki hajamaliza kupima barabara. Majidi alikuwa akieleza kwamba kulikuwa na vumbi.

"Sikumwona," akasema.

Benedikta alimwomba trafiki awashe pikipiki. Taa ya nyuma, aliyoifunga yeye mwenyewe, ikawaka. Trafiki akarudi nyuma hatua mia. Lori jingine likapita na kutimua vumbi, naye akainua mkono kuonyesha kwamba bado anaiona.

"Hata mimi naiona," Benedikta alimwambia Majidi taratibu. "Wewe ulikuwa unaangalia nini?"

Alikuwa anaangalia simu. Utingo wake mwenyewe ndiye aliyesema. Mahakama ilimfunga mwaka mmoja na kumnyang'anya leseni. Benedikta alikaa benchi la mbele, akamtazama hadi alipotolewa na askari. Hakuwahi kusikia utamu kama ule.

Nje alimkuta Consolatha, mke wa Dionis, akadhani atashukuriwa.

"Dada, miaka yote ulikuwa unangoja mtu agongwe," Consolatha alisema. "Hukujali awe nani."

Benedikta alitaka kukana, akashindwa. Akamwambia ni kweli, na kwamba kifungo cha yule mtu hakijutii hata sasa. Kisha akauliza nani anawapigia matuta shambani wakati Dionis hajapona, maana mvua zilikuwa karibu. Consolatha akasema hakuna.

Kesho yake Benedikta alifika shambani kwao na jembe lake. Walilima hadi adhuhuri, kila mmoja tuta lake.