Siku Bembea Ilipotaka Mtu Mzito

Mimi ni mtu mwenye mwili. Nalisema mapema ili mtu asije akanifikiria vinginevyo. Kazi yangu ni kupika kwenye shughuli, harusi na hitima, na katika kazi hii mwili ni kama cheti. Watu wakimwona mpishi mwembamba wanaanza kujiuliza huwa anaonja nini. Siku nilipoolewa mawifi zangu walinizunguka kwa vigelegele, wakasema kaka yao ameleta mke, hakuleta kijiti. Tangu hapo kila nikitoka na kanga mpya hapa mjini kwetu Masoko nasikia mashallah, umenawiri, unatunzwa. Basi nikazoea. Sikuwahi kukaa nikauwaza mwili wangu, kama ambavyo mtu hakai akawaza mlango wa nyumba yake.

Kisha ikaja bembea. Ramadhani ilikuwa inakaribia kuisha, lori likatoka Dar es Salaam limesheheni vyuma vitupu, likavimwaga kwenye uwanja si mbali na soko. Tulikwenda kutazama na saumu zetu. Vijana wakaunga chuma kwa chuma, wakapanda, wakafunga nati huku wakining'inia, mpaka likasimama gurudumu ambalo ukitaka kuliona lote unarudisha shingo nyuma na ushungi unakudondoka. Idi za utotoni mwetu tulikuwa na bembea ya mbao, vikasha vinne vinasukumwa kwa mikono, na tuliiona kubwa kweli. Hii ilikuwa na viti vya chuma vya watu wawili wawili, vyekundu na njano, kila kimoja na chuma cha kulalia mapajani, na injini iliyonguruma kama mashine ya kusaga. Nilisimama mdomo wazi. Binadamu amekaa, amefikiri, ametengeneza kiti kinachopaa na kurudi. Nikaweka nia palepale kwamba Idi pili nitapanda, na nitapanda na binti yangu.

Binti yangu huyo ni wa pekee, yuko kidato cha kwanza, na mwili wake ni wangu mtupu. Mabega yangu, mikono yangu, hata mwendo. Nyumbani tulikuwa tunalisema hilo kwa furaha. Sikujua kwamba shuleni wameanza kumwita tipwatipwa. Hakuniambia. Nilichokiona mimi ni kwamba Ramadhani ile amekuwa mcha Mungu wa ajabu. Alifunga bila kulalamika, na ikiadhiniwa magharibi anachukua tende na maji, anakimbilia mswala, huku muhogo wa nazi unapoa kwenye sinia. Daku anasema hana njaa. Bibi yake akamsifu, majirani wakamsifu, na mimi kichwa kikavimba. Tulidhani Mungu ametupa walii ndani ya nyumba.

Asubuhi ya Idi gauni lake jipya lilikataa kufunga zipu. Nikampigia simu fundi nikiwa nimeshapandisha hasira, nikamwambia yote niliyokuwa nayo kuhusu watu wanaokula hela za watu na kuharibu vitambaa. Yule baba alinisubiri nimalize, akanipa mkono wa Idi, halafu akanieleza taratibu kwamba binti alirudi dukani kwake peke yake, akamwomba apunguze vipimo. Alimwambia mpaka Idi ifike atakuwa amepungua.

Nilibaki na simu sikioni ingawa fundi alikuwa ameshakata. Kumbe haikuwa ibada tu. Mtoto alikuwa anajinyima mbele ya macho yetu, na sisi tunampongeza. Nikaingia chumbani kwake, nikamkuta amekaa kitandani, zipu iko wazi mgongoni. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu huku ameinama.

"Sitaki kuwa kama..."

Hakumaliza, na hakukuwa na haja ya kumaliza. Iliniuma, siwezi kusema uongo, iliniuma sana. Lakini zaidi ya maumivu niliogopa. Nilimwona atakavyoendelea kusukuma sahani pembeni, mwaka huu na mwaka ujao, akiuchukia mwili ambao hata hajamaliza kuukuza. Ningempa maneno ya kumponya kama ningekuwa nayo. Mimi najua kupika, na kwa upande wa kusema najua kugomba. Nikamfungua gauni, nikamtafutia la zamani, nikatoka.

Siku ya pili yake, baada ya alasiri, nikamwambia ajiandae twende kwenye bembea. Akasema viti ni vidogo. Nikamwambia viti vimetengenezwa vikaliwe na watu, na sisi ni watu. Akavaa baibui pana juu ya kila kitu, akanifuata nyuma nyuma kana kwamba hatujuani. Njia nzima nilikuwa nasalimia watu kwa sauti kubwa kuliko kawaida yangu, na kawaida yangu si ndogo. Moyoni nilikuwa nimeshajiapiza kwamba leo mtoto huyu atamwona mama yake akipaa.

Uwanja ulikuwa umefurika. Watu walitoka Tingi, wengine Pande huko, watoto na maputo, vumbi na harufu ya mishikaki. Zamu yetu ikafika. Mwendeshaji alikuwa kijana wa Dar, kofia kisogoni, lakini ana adabu zake. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Akatushikia kiti kisiyumbe. Nikaingia mimi, nikajisogeza mpaka chuma cha pembeni kikanibana ubavu. Binti akaingia. Kijana akateremsha kile chuma cha mapajani, kikaishia hewani. Akakibonyeza. Akatuomba tuvute pumzi, tukavuta. Akamwita mwenzake, wakakibonyeza wawili, na mimi nikakaza tumbo mpaka nikaona nyota, lakini chuma hakikufika kwenye ndoano yake.

Nyuma yetu kwenye foleni mtu akacheka. Kicheko cha mmoja kikawa cha wengi. Nimepika kwenye harusi za watu wale, nimewapakulia pilau kwa mkono wangu, na sasa walikuwa wananicheka. Damu ikanipanda. Nilikuwa na maneno tayari ulimini, makali, ya kumtosha kila mmoja. Nikageuka kwanza kumtazama mtoto, nikayameza yote. Alikuwa anatazama magoti yake, midomo ameibana, na uso wake ulikuwa umeshakubali. Hapo nikajua kwamba nikishuka kwenye kiti kile, ndiyo basi tena.

Nikamwambia kijana kwamba mimi sishuki, atafute njia. Akajikuna kisogo, akasema njia ipo, tukae kila mmoja kiti chake. Binti akateremka. Nikakaa katikati, nikajaza kiti chote bila kubanwa na kitu, na chuma kikashuka kikafunga kwa mlio mzuri kabisa. Kijana akaenda kwenye injini, akaikanyaga. Nikainuka kidogo, injini ikakoroma, nikarudi chini. Akajaribu tena, nikarudi tena. Watoto waliokuwa kwenye viti vya juu wakapiga kelele za raha, wakidhani ndio mchezo wenyewe.

Basi akaja akanieleza, na alinieleza bila dharau hata chembe, kama fundi anavyoeleza mzani. Gurudumu hili halina nguvu ya kumnyanyua mtu. Linachofanya ni kuzungusha. Mzito akikaa huku, lazima mzito mwenzake akae kule ng'ambo, ndipo wanapandishana. Kule ng'ambo yangu kulikuwa na kiti kitupu. Akasimama juu ya ngazi, akaikabili foleni.

"Jamani, natafuta mtu mzito."

Walikuwepo wanawake pale ambao harusini hawakubali kupitwa kwa unene, wanaojigeuza makusudi ili waonekane. Mmoja akawa anatafuta kitu kwenye mkoba. Mwingine akakumbuka simu. Na mimi nimefungiwa chuma mapajani, nimekaa mbele ya Masoko nzima kama bidhaa iliyokosa jiwe la mzani. Kijana akarudia ombi lake, na bado hakuna aliyejitokeza.

"Mimi hapa."

Sauti ile niliijua kabla sijageuza shingo. Binti yangu alikuwa amesimama palepale aliposhukia, mkono ameuinua kama yuko darasani. Hakuushusha. Kijana akamtazama juu mpaka chini, akasema atafaa. Watu hawakucheka. Sijui kwa nini hawakucheka. Labda waliona haya, labda waliona nilichokiona mimi. Mtoto aliyekuwa anajificha ndani ya baibui lake njia nzima alikuwa amejitaja mbele ya wote waliokuwepo, kwa jambo lile lile la kumchekea.

Ili kiti chake kifike chini ilibidi changu kifike juu. Vijana wakaacha injini, wakashika vyuma kwa mikono, wakanivuta hewani huku wakihesabu. Nikapanda kwa mikupuo. Nikapita usawa wa mabati ya maduka, nikapita vichwa vya minazi, na kule kileleni wakanisimamisha ili wampandishe yeye.

Jamani, mimi sikuwa nimewahi kuwa juu ya kitu chochote. Ghorofa sipandi, ndege naiona ikipita. Nilifumba macho kwanza, nikasoma ninayoyajua, kisha nikayafumbua. Masoko yote ilikuwa chini ya miguu yangu. Niliona uwanja wa ndege na udongo wake mwekundu, niliona soko la samaki, niliona kisima tunachochota maji yakikatika, kidogo kama kifuniko cha sufuria. Ng'ambo ya maji kisiwa chenyewe, Kisiwani, kilikuwa kimelala chote, kijani kibichi, na lile jengo lake la kale linaloonekana tangu mbali. Nimeishi hapa maisha yangu yote na sikujua kwamba ninakaa mahali pazuri namna hii. Upepo ulinijia wote, haukuwa na nyumba ya kugonga kwanza. Nililia, na wala sikuogopa kuonwa, maana nani angeniona.

Kisha injini ikawaka, na safari hii haikukoroma. Nikaanza kushuka taratibu, tumbo likabaki juu, na upande wa pili nikamwona akipanda. Nilipofika chini yeye alikuwa kileleni. Akashuka, nikapanda mimi. Hapo likaniingia lile aliloeleza kijana. Haikuwa injini tu. Mimi nikishuka ndio namwinua, naye akishuka ananiinua. Uzito wangu ule ule. Ungepungua kidogo asingefika pale juu, na wake ungepungua mimi ningebaki chini na aibu yangu. Nilishikwa na mshangao nikashindwa hata kupiga kelele kama wenzangu. Tulikuwa tunapishana katikati, viti vyetu vikifika usawa mmoja, yeye kule mimi huku, na kila tukipishana nilikuwa namtafuta uso. Mara ya kwanza alikuwa ameng'ang'ania chuma. Baadaye nikamwona ameachia mkono mmoja. Mwishowe alikuwa ameachia yote miwili, ushungi umeshuka mabegani, anacheka peke yake kwa sauti niliyokuwa nimeisahau.

Wakasimamisha gurudumu ili waanze kutushusha, wakaanza na mimi. Kijana akanishika mkono, nikateremka. Binti akabaki kileleni, kiti kinayumba polepole, hatazami chini hata kidogo. Nilimtazama mpaka shingo ikaniuma. Wakamzungusha kwa mikono, taratibu, naye akaja chini kama mtu asiyetaka kufika.

Aliposhuka alikutana na mama mmoja mtu mzima wa kutoka Pande, ambaye zamu yake ilikuwa imekaribia na ambaye, kwa umbo, angeweza kuninyanyua mimi bila taabu. Mama yule alimshika binti yangu kidevu, kama wanavyofanya wakubwa wakimpenda mtoto, akamuuliza wewe ni mtoto wa nani, mashallah.

Binti akampa shikamoo yake. Kisha akanigeukia, akaninyooshea kidole bila kufikiri.

"Wa huyu hapa," akasema. "Watu wote wanasema tumefanana."