Gunia la Tope Nililolileta Timbwani

Aliyekosa ni mimi, na aliyehama ni mwenzangu. Nawaambia nyinyi msionijua, maana mbele ya watu wangu nilishindwa.

Miaka ya themanini niliolewa Timbwani. Nyuma ya nyumba palikuwa na ziwa dogo, watoto wote wakiogelea humo. Kwetu Kwale, bwawa likikauka kiangazi, sisi hubeba lile tope jeusi tukapandia mpunga. Nami nikaja nalo gunia zima. Likakaa bandani mpaka masika, nikalimwaga ukingoni mwa ziwa.

Mama Mwende, mpangaji wetu kutoka Ukambani, alinisaidia. Akaokota konokono topeni. "Mama Bakari, hawa si wazima?"

"Wamekauka zamani hao, dada. Wewe mwaga tu."

Mpunga ulikubali, lakini konokono wakajaa ziwani. Halafu Bakari wangu akaanza kukojoa damu, na watoto wa majirani wakafuatia. Kichocho! Ziwa letu halikuwa nacho. Mavyaa, mamake mume wangu, akasema, "Ni huyu mtu wa bara. Tangu aje kufua hapa ndiyo maradhi yameingia."

Bwana afya alipokuja, aliwachota konokono akawaweka kiganjani. "Hawa hulala kwenye tope kavu miezi na miezi. Wakipata maji huamka, na ugonjwa wao ndani. Nani ameleta tope hapa?"

Mama Mwende alisimama ubavuni pangu na ndoo yake, ananitazama. Nikainama, nikajifanya namfunga Bakari vifungo vya shati.

"Muulizeni huyo," mavyaa akasema, akimwonyesha kidole. Mama Mwende akajitwika ndoo yake, akarudi chumbani kwake. Wiki haikwisha akafungishwa virago, yeye na wanawe.

Bakari alitibiwa akapona. Mimi usingizi ulinipaa. Baada ya miaka nikamfuata Mama Mwende Changamwe, alikohamia, kumtaka radhi. Alinikaribisha chai.

"Mbona hukunitaja?" nikamuuliza.

"Mavyaa wako angekurudisha kwenu. Nikasema nikungojee, utasema mwenyewe."

Jamani, mkihama na mche au tope la kwenu, msidhani kilichokauka kimekufa. Na mtu akilaumiwa kwa kosa lako nawe upo, sema hapo hapo, hata kama nyumba itavunjika. Mimi niliinama kufunga vifungo. Na lile shati la Bakari lilikuwa limeshafungwa.