Salamu za mama nilizoendelea kuandika

Admin, naomba ufiche jina langu, maana mdogo wangu naye husoma hapa. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tano, naishi Kagongwa, elimu yangu ni darasa la saba.

Miaka ya tisini mdogo wangu alikuwa chuo kikuu, Dar, wa kwanza katika ukoo wetu. Wakati huo ukimwi ulikuwa unamaliza watu huku kwetu. Baba alirudi kutoka machimbo ya Geita amekonda, akafa. Tukampigia mdogo wangu telegramu, akaja kuzika. Aliporudi chuo hakuweza kusoma. Aliniandikia kwamba anaangalia ukurasa mmoja kutwa nzima, na kwamba bwenini kila mtu anaogopa telegramu. Chuo kikamruhusu arudie mwaka.

Mwaka huohuo mama, mayu kama tulivyomwita, akaanza kuumwa. Baba mkubwa akasema kijana asiambiwe mpaka amalize mitihani, tusije tukampoteza na yeye. Kazi ya kuandika barua ilikuwa yangu. Mama alizoea kumsalimu na kumwambia kuku wake mweupe bado anataga, basi nikawa naandika hivyo.

Alipozidiwa aliniita. "Mwandikie ng'wanawane, mwanangu yule, aje, nimwone." Nikakaa pembeni ya kitanda, nikaandika, "Mama hajambo, kuku anataga." Halafu nikamwambia nimeshamwita. Siku tisa, kila lori likisimama barabarani, aligeuza uso mlangoni. Siku ya kumi hakugeuka.

Baada ya mazishi nilituma barua nyingine mbili zenye salamu zake. Kuku tulikuwa tumemchinja msibani.

Mdogo wangu alikuja likizo, ndipo akaambiwa mama ameshazikwa. Alisimama kaburini muda mrefu, kisha akauliza kuku yuko wapi. Baba mkubwa akamwambia, "Mama yako mwenyewe alikataa usiitwe. Alitaka usome." Akasema sawa. Hakulia, na mimi sikulia. Alirudi chuo, lakini kwenye mtihani alishika kalamu mpaka muda ukaisha, hakuandika kitu. Akarudi nyumbani na sanduku lake. Watu walisema amesoma mno, wengine wakasema karogwa.

Sasa anatengeneza redio na simu huko Buseresere. Hana ugomvi na mtu, hakuoa. Nikimpigia nikamwambia wote wazima, hunijibu, "Nipe mmoja mmoja niwasikie." Simu inazunguka nyumba nzima mpaka mjukuu wangu wa miaka miwili apige kelele. Watoto hucheka, husema mjomba anaita mahudhurio. Mimi naendelea kuosha vyombo.

Wiki iliyopita simu ilipomaliza kuzunguka ikanirudia, akaniuliza, "Dada, mayu aliniulizia?"

Nikaweka chini sahani niliyokuwa naosha.

"Usinijibu kwenye simu," akasema. "Jumamosi nakuja."

Baba mkubwa naye ameshafariki. Yale maneno yake ndiyo mdogo wangu ameyashikilia miaka yote hii, na mimi nikisema kweli nitakuwa nimeyachukua. Nikisema uongo, itakuwa barua nyingine tu kama zile. Zamani nilikuwa naumia nikikumbuka mama akitazama mlango. Siku hizi sisikii kitu, nakumbuka tu.

Leo ni Alhamisi. Nimeshanunua mchele wa kumpikia. Ndugu zangu, akikaa mbele yangu akauliza tena, nimjibu nini?