Nafasi ya Maren ya Unesi

Kocha Lindgren wa timu ya voliboli ya chuo alikuja mwenyewe hadi jikoni kwa kina Hruska, huko Nebraska, akala kolachi, vimkate vitamu vya plamu, alizooka Darlene, mama yake Maren, na kuisifia kila moja.

"Mama Maren, nakuapia," alisema huku akipangusa makombo, "binti yako kwanza ni mwanafunzi. Voliboli baadaye. Nesi mtampata."

Maneno matamu hayo! Maren akavikataa vyuo vingine vyote, akamfuata Lindgren.

Chuoni mambo yakawa mengine. Wanafunzi wa unesi walikwenda wodini alasiri, na alasiri ilikuwa mali ya kocha. "Vumilia msimu huu," akaambiwa. Msimu ukaisha, akaambiwa avumilie mwingine. Darasani walimhesabu mchezaji tu. Kwenye basi la timu, akifungua kitabu chake cha mifupa, wenzake walimtania: "Daktari, nitazamie goti basi!" Alicheka nao, akaendelea kusoma.

Mwaka wa tatu alichoka kungoja. Akaenda idara ya unesi kuomba nafasi, na mwalimu aliyemkuta pale akamshangaa.

"Wewe si ndiye Hruska? Mbona tulikushikia nafasi mwaka wa kwanza! Kocha wako akaja akasema umeghairi."

"Mimi? Nimeghairi lini?"

"Pole sana, mwanangu. Sasa umechelewa."

Alilia mpaka macho yakavimba. Ikabidi asomee shahada ya masomo ya jumla, ile wanayosukumiwa wachezaji kwa sababu haigongani na mazoezi. Maren hakumwambia mama yake kitu, akiogopa kumvunja moyo.

Ukafika mchezo wao wa mwisho nyumbani. Siku hiyo kila mchezaji anayehitimu huingia uwanjani na wazazi wake, maua mkononi. Walipokuwa kwenye foleni, Maren akashindwa kujizuia.

"Mama, Kocha alitudanganya. Alinitoa kwenye unesi bila kuniuliza."

Darlene akaanza kuyapanga maua upya. "Si wakati wake huu, mwanangu."

"Umenisikia lakini?"

"Nimekusikia. Alinipigia simu mimi, nikamwambia sawa. Mji mzima ulikuwa unakutazama kwenye televisheni, Maren. Niliona unesi utasubiri."

Kwa Lindgren, Maren alikuwa na hasira. Kwa huyu hakujua hata awe na nini.

Jina lake likatangazwa, makofi yakalipuka. Darlene akamshika mkono ili waingie pamoja. Maren akauchomoa, akaingia peke yake.