Siku Saba za Sakafu ya Odette

Joséphine hajawahi kushika mwiko wa fundi, lakini mafundi wa Kasuku, mtaa wetu hapa Kindu, wanamwogopa kuliko mvua. Wakiitwa kumwaga betoni ya sakafu kwa ndugu yake au jirani yake, wanauliza kwanza: "Yule mama wa maji atakuwepo?" Atakuwepo. Anakuja na kiti chake, ndoo yake na fimbo yake, anakaa mlangoni siku saba. Kuku akikanyaga sakafu, fimbo. Mtoto akikanyaga, fimbo. Mwenye nyumba akikanyaga, anapata maneno, na afadhali angepata fimbo.

Mimi ni jirani yake, tunagawana ukuta miaka kumi na tisa sasa. Mengine nimeyaona, mengine aliniambia mwenyewe tukipepeta mchele.

Mwaka 2002 alikuwa na miaka ishirini na sita. Mji ulikuwa umefungwa. Wenye bunduki wa msituni walizuia njia za mashamba, wenye bunduki wa mjini walimzuia kila aliyebaki, gari la moshi halikufika, na mihogo ilikuwa ng'ambo ya mto wakati njaa ilikuwa upande huu. Watu walikula matembele bila mafuta na bila chumvi, wakasema wameshiba. Mtaani kwao chumba kimoja kiligeuzwa mahali pa kuzalia. Chini ilikuwa udongo mtupu, na damu haioshwi juu ya udongo. Mfanyabiashara mmoja aliyekimbia aliacha mifuko sita ya simenti, basi fundi mzee Idrissa akaombwa atengeneze sakafu. Joséphine alijitolea kuchota maji mtoni Lualaba kwa sababu mdogo wake, Odette, alikuwa na mimba kubwa na angejifungulia humo.

Kazi ilifanywa Ijumaa. Idrissa alipima maji, akaonyesha kwa kidole ndani ya ndoo: "Isipite hapa." Halafu akaenda kusali. Waliobaki walikuwa wanaume wanne wenye njaa ya miezi, na betoni ngumu ni nzito kwenye sepeto. Wakamlilia Joséphine.

"Mama, ongeza maji kidogo. Mikono inakatika."

"Mzee amekataza."

"Mzee iko musikitini. Weye huna huruma?"

Alikuwa na huruma. Akawaongezea bidoni mbili, madumu mazima ya maji. Betoni ikawa laini kama uji wa mgonjwa, ikajitandaza yenyewe hadi kwenye kona, tena saa sita ya mchana, juani. Wanaume walimsifu sana. Idrissa aliporudi alichota kiganja kimoja, akafumba ngumi, ikamchuruzika kati ya vidole. Aliisawazisha, akaenda zake. Simenti nyingine haikuwepo mji mzima, sasa angefanya nini?

Kesho yake mkubwa wa mtaa akaleta mbabula tatu zenye makaa mekundu, akazipanga juu ya sakafu ili ikauke upesi, maana wanawake wawili walikuwa karibu kujifungua. Huo ndio ujinga wetu sisi watu wa Kindu. Mvua yetu haina mwisho, kila kitu tunakikausha kwa moto: nguo, mchele, samaki, mtoto aliyenyeshewa. Tukaona na sakafu ni samaki. Siku ya tatu ufa ukatoka mlangoni, ukavuka chumba hadi ukutani. Mwanzo uliingia kucha. Baada ya wiki uliingia kidole.

Odette alijifungua siku ya kumi na moja. Alfajiri siafu wakapanda kutoka ndani ya ufa. Joséphine alimnyakua kitoto, akasimama nacho juu ya benchi, wanawake wengine wakimwaga majivu na kumvuta Odette nje kwa mkeka. Kitoto kilipona, ila sikio la kushoto liliumwa hadi likabaki na pengo dogo pembeni. Kitoto hicho ndicho Josiane.

Joséphine akamfuata Idrissa kwake, akaungama zile bidoni mbili. Mzee hakumlaumu wala hakumpa pole. Alimfundisha tu.

"Maji mengi ndani ya mchanganyiko ni sumu," alimwambia. "Lakini ikishamwagwa na kushika, maji juu yake ni dawa. Ninyi mulifanya kinyume. Mulimpa maji mbele, mukampa moto nyuma. Betoni haikauki, binti yangu, betoni inashika. Ifanye kama mwanamke aliyezaa: siku saba asitoke juani, asikose maji."

Mengine alimwonyesha kwa mikono. Ardhi ipondwe mpaka kisigino kisiache alama, ilowanishwe kabla ya kumwaga ili isinywe maji ya betoni. Imwagwe asubuhi mapema. Chumba kirefu kigawanywe kwa mstari, maana ufa ni mgeni asiyekosa kuja, na asiyeonyeshwa mlango huvunja ukuta. Idrissa alikufa kabla vita havijaisha. Maneno yake Joséphine hajaongeza hata moja.

Sasa njoo mwaka huu. Odette na mumewe Alain walikuwa na nyumba ya matofali, bati zuri, chini udongo. Josiane akachumbiwa na kijana wa Kalima. Wakwe wakapanga kuleta mali ya ndoa Jumamosi. Alain akataka wakanyage simenti, siyo vumbi. Ni haki yake. Ila simenti ilichelewa njiani, na betoni ikamwagwa Jumanne. Hesabu mwenyewe. Jumamosi ilikuwa siku ya tano.

Joséphine alisimamia kila ndoo ya maji. Alifumba ngumi yeye mwenyewe, betoni ikabaki na alama za vidole vyake. Fundi alikata mstari katikati ya sebule, akachonga mwingine mlangoni. Jioni sakafu ilipokuwa imeshika, akaifunika majani ya migomba na magunia mabichi, akaweka kiti mlangoni.

Alhamisi Alain akaja na mbabula mkononi.

"Shemeji, hiyo unampelekea nani?" Joséphine akauliza.

"Niikaushe kidogo. Wakwe wanakuja keshokutwa."

"Wakwe wanakuja kuoa sakafu au kuoa mtoto?"

"Nitawakalisha wapi? Uani, kama wauza makaa?"

"Uani. Tutafunga bashi la turubai juu yao. Mimi nitawaambia."

"Utatuaibisha, shemeji!"

"Aibu ya siku moja inaisha na pilau. Ufa utaufagia mpaka uzeeni."

Odette alisimama katikati yao, hajui amtetee nani. "Yaya, ni wakwe," alimwambia dada yake. "Ni wakwe, yaya." Joséphine akamwaga ndoo nyingine.

Jumamosi wakwe wakafika, watu kumi na wawili, mbele yao mzee Kalume, baba mkubwa wa kijana, suti nyeusi, fimbo ya mti mweusi. Akaona viti uani, akaona mlango umefungwa kwa kamba. Hakukaa.

"Tangu nianze kwenda ukweni," alisema, "sijakatazwa mlango. Ndani mumeficha nini?"

Alain aliangalia viatu vyake. Josiane, kwenye jiko la nje, aliacha kukoroga. Hapo ndoa nzima ilikuwa imesimama kwa mguu mmoja, na kila mtu pale alijua imesimamishwa na nani.

Joséphine akainuka. "Mzee, njoo uone." Akafungua kamba, akafunua jani moja la mgomba. Sakafu chini yake ilikuwa ya kijivu iliyokolea, mbichi, bila mkwaruzo.

"Iko na siku tano," akasema. "Inataka saba."

Mzee akainama, akabonyeza kwa kidole. "Na huu mstari?"

"Hii njo njia ya ufa. Ukija, upite hapo."

Kisha akamwita Josiane, akamvua kitambaa cha kichwa, akamshika kidevu, akageuza sikio la kushoto mbele ya wakwe wote. Odette alifunika uso. Lile sikio walikuwa wamelificha chini ya kitambaa tangu uchumba uanze, eti wakwe watasema ni ugonjwa.

"Mulitaka kujua tunaficha nini," Joséphine akasema. "Ni hili. Alizaliwa juu ya sakafu niliyoiharibu mimi, siafu wakatoka ndani ya ufa. Leo mukitaka kuingia, ingieni, mimi sina nguvu ya kuzuia watu kumi na wawili. Lakini nimesema."

Mzee Kalume alilitazama sikio, akaitazama sakafu. Akalirudisha jani mahali pake kwa ncha ya fimbo.

"Siafu," alisema. "Sisi tulidhani ni ukoma." Akaenda kukaa uani. Shangazi mmoja alicheka mpaka akakohoa, na mali ikatolewa chini ya bashi.

Mzee hakurudi Kalima siku ile. Alilala kwa jamaa yake, na Jumatatu jioni akaja, akavua viatu, akatembea sebule yote kutoka ukuta hadi ukuta. "Sasa nimeingia," akasema. Ile sakafu nimeiona juzi. Ina ufa mmoja mwembamba kama unywele, umepita ndani ya mstari moja kwa moja, kama mtu aliyeagizwa.

Chumba cha nyuma, kilichomwagwa pamoja na sebule, ni habari nyingine. Ijumaa ile, kabla ya wakwe kufika, Joséphine alikwenda msibani kwa muda wa saa mbili, na Alain hakuvumilia; Joséphine aliporudi, magunia yalikuwa mahali pake. Jumanne walipoondoa magunia, ufa ulikuwa pale, kutoka kona hadi kona, na katikati duara jeusi la ukubwa wa mbabula. Alain alisimama kama mtoto aliyevunja chungu. Mimi nilijongea karibu nisikose hata neno, maana ninamjua jirani yangu na ulimi wake.

Joséphine aliupima ule ufa kwa kidole. Akasema, "Kitanda kiwekeni hapo," akachukua kiti chake na ndoo.

Njiani nilimuuliza kwa nini hakumfokea.

"Yeye mbabula moja," akasema. "Mimi bidoni mbili."